Kiwanja cha Sajini na Minyaa Niliyoing'oa

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa nia njema, ndiyo maana bado linaniuma: niling'oa minyaa ya baba kwa sababu haikunyooka.

Baba ni sajini mstaafu. Alipotoka jeshini alipewa barua ya toleo ya kiwanja nje kidogo ya Bariadi, upande wa kwenda Sapiwi, kwenye eneo lililotengwa kwa wastaafu kama yeye. Sharti lilikuwa kukiendeleza ndani ya miaka mitatu, la sivyo kinarudi. Kujenga alikuwa bado, kwa hiyo alifanya ambacho Msukuma yeyote angefanya. Alipanda minyaa, ile miti ya ua yenye utomvu mweupe, kuzunguka mipaka yote minne. Kwetu ukiona ua wa minyaa unajua pana mwenyewe. Huulizi, wala hupitishi ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimejifundisha kusoma ramani za viwanja kwa video za simu. Sina cheti hata kimoja. Nikapima. Upande wa mashariki minyaa ilikuwa imetoka nje ya mstari wa bikoni, yale mawe ya mpaka, kwa hatua moja, imevimba katikati kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Kila nikipita pale nilisimama kupima tena. Nikamwomba baba tuing'oe yote. Mvua ikianza ningeipanda upya kwa kamba, imenyooka kabisa. Akasema minyaa haiendi gwaride. Lakini alikubali, kwa sababu alijivunia kuwa na mtoto anayejua bikoni. Nikaing'oa; mingi iliyogoma kutoka niliikata chini, visiki vikabaki.

Mvua ilianza, sikupanda. Nilikuwa nachora nyumba, nikitaka ua ufuate mahali lango litakapokuwa, na kila mchoro niliuona una kasoro. Nilichora mara kumi na moja. Nikiwa bado nachora, miaka mitatu ilitimia, wakaguzi wakapita.

Walipita kwa gari. Mjane wa koplo, mwenye kiwanja cha jirani, aliwaona. Hawakushuka; kioo kiliteremshwa nusu, mmoja akaandika. Kwa mjane waliona minyaa, wakaandika pana mtu. Kwetu waliona nyasi. Baadaye ikaja barua: kiwanja kimerudi na kimegawiwa mwombaji mwingine.

Tulikwenda ofisini asubuhi, baba amevaa koti lake la sherehe. Afisa alikuwa kijana wa rika langu, macho kwenye simu. Baba akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Kijana, Msukuma kama sisi, akajibu, "Ndiyo mzee, shida?"

Nilieleza kwa kigugumizi. Nikamwonyesha picha za visiki kwenye simu yangu. Alisema kisiki si maendelezo.

"Na minyaa ni maendelezo?" nikamuuliza. "Mbona jirani imemwokoa?"

"Jirani yenu hakung'oa."

Baba akacheka kicheko kikavu. "Nimelinda mpaka wa nchi hadi nikastaafu," alisema. "Wangu umeng'olewa na mwanangu mwenye rula."

Siku za sherehe mzee huyu huwekwa kiti cha mbele, kipaza sauti kikamwita shujaa, watu wakapiga makofi. Kisha wale wale wanaopiga makofi wanashindwa kufungua mlango wa gari na kukanyaga nyasi zake. Wangeshuka wangeona visiki, mistari minne ya visiki, vingine bado vinatoa utomvu. Mtu hang'oi ua wa kiwanja kisicho na mwenyewe. Hilo halihitaji video za simu kulijua. Ninawakasirikia, na nikimaliza kuwakasirikia wao, nabaki mimi.

Rufaa niliiandika palepale, kwenye benchi la nje. Nikakosea neno, nikalikata, nikaanza kutafuta karatasi nyingine. Baba akanipokonya kalamu.

"Peleka hivyo hivyo."

Nikaipeleka ikiwa na neno lililokatwa.

Haijajibiwa mpaka leo. Kwenye kiwanja, yule mwombaji mwingine ameshamwaga mchanga na mawe. Baba bado amepanga chumba na sebule mjini, na hanitajii minyaa tena, jambo ambalo naona ni adhabu kubwa kuliko kunisema. Wastaafu wenzake wakiniletea karatasi zao za viwanja niwaandikie barua, naandika mara moja na kupeleka siku hiyo hiyo, makosa yakiwemo. Kila Jumatatu naingia ofisi ile kuulizia rufaa. Michoro ya nyumba nimeiacha.