Mita Tatu Zilizokosekana Rohero

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, sina homa wala sijalala. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, ili tukianza unisikilize vizuri.

Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya kutafsiri hati, hapa hapa Bujumbura. Tulikuwa tumepanga Nyakabiga, mwenye nyumba akataka vyumba vyake, akatupa miezi miwili. Mkubwa wetu, Mama Consolata, akaniita. "Wewe ni mzaliwa wa Buyenzi," akasema, "mji unaujua. Tafuta mahali. Utakapochagua, hapo nitasaini."

Nikapata pawili. Pa kwanza ilikuwa etaji, yaani ghorofa, ya pili ya jengo jipya, lililojengwa liwe ofisi tangu msingi. Madirisha mapana, waya zimefichwa ukutani, vyoo vya wanaume mbali na vya wanawake. Lakini pakavu, hapana hata jani. Pa pili ilikuwa nyumba ya zamani kule Rohero, iliyojengwa enzi za Wabelgiji, ikageuzwa ofisi juzi juzi. Veranda pana, sakafu ya vigae vyekundu, mparachichi uani. Nakiri: moyo wangu uliamua kabla sijavuka lango.

Aliyenipeleka ni komisioneri, ndivyo tunavyowaita madalali huku, jina lake Salvator. Tulipofika mlangoni akanipa funguo.

"We ingia tu, dada. Mi nabakia hapa, kuna mutu anataka kunipigia."

Simu yenyewe ilikuwa mfukoni, imelala. Sasa niambie, umewahi kuona dalali asiyetaka kuingia kusifia vyumba? Nikajisemea, kuna kitu huyu ananificha. Labda paa linavuja.

Nikaingia. Vyumba vizuri, kuta zimepakwa rangi nyeupe, bado inanuka. Mwisho wa korido alisimama mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, mikono imelowa mpaka viwiko kama mtu aliyeacha kufua ili apokee mgeni. Nikamsalimu, akaitikia vizuri tu.

"Munakuja kuweka ofisi?"

"Ndiyo, mama. Tunaangalia kwanza."

"Meza mutaweka wapi?"

Nikamwonyesha ukuta wa mwisho wa korido. Akatikisa kichwa.

"Apana. Pale ndiyo mi napita."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni ujanja wa mwenye nyumba. Ana mfanyakazi wake humu, anataka tumchukue pamoja na nyumba bila kutuambia. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, "Kwani mama unaishi humu?"

"Walipogeuza nyumba," akasema, "kila mutu aliulizwa anataka mulango wapi. Mi sikuulizwa."

Akageuka, akaenda. Nikasikia mlango unafungwa, na komeo. Nikamfuata ili nione hicho chumba. Hapakuwa na mlango. Ukuta mtupu, laini, mweupe. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, na ule wa mwisho ulikuwa nusu: kisigino upande wangu, vidole havipo, kana kwamba mguu umeingia chini ya ukuta.

Nilitoka kwa hasira. Niliona nimechezewa.

"Salvator, yule mama wa ndani ni nani?"

Akatazama chini. "Mikono yake ilikuwa na maji?"

Niamini, nilikuwa sijamwambia habari ya maji.

"Kumbe unamjua!"

"Mi simujui, dada. Ni watu ndiyo wanasemaga. Ndani hakuna mutu, funguo ni hizo tu."

Sikumwamini, na funguo nikabaki nazo. Kesho yake, saa nne asubuhi, nilirudi na mwenzangu wa ofisi, Dieudonné, kijana wa kucheka sana, na futi ya kupimia ya fundi. Nilitaka kuufumania huo mlango wa siri. Tukapima ubavu wa nyumba kwa nje: mita kumi na nne. Tukapima kwa ndani: kumi na moja. Tukarudia. Kumi na moja.

Dieudonné akacheka, akaugonga ule ukuta mara mbili, kama fundi anayetafuta uwazi. Ukajibu mara mbili. Akaacha kucheka. Akagonga mara tatu. Ukajibu mara tatu.

"Panya," nikasema.

"Panya hajui kuhesabu," akanijibu.

Hapo tukaisikia sauti ile ile, karibu kabisa, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye ukuta upande wa pili. "Mulango mutaniwekea wapi?"

Mwenzangu akafanya ishara ya msalaba, mimi nikaanza Ayatul Kursi, na kila mmoja akamaliza yake barabarani. Futi tuliiacha huko.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee mmoja, zamu, yaani mlinzi wa lango. Alituona tukitoka mbio, wala hakushangaa. Akasema zamani katika nyumba ile aliishi mama mfuaji, tangu wenye nyumba wakiwa watoto. Aliugua, akapelekwa kwao milimani. Wale watoto walipoigeuza nyumba hawakutaka kushika vitu vyake. Walijenga tofali mlangoni na dirishani, vitu vikabaki humo.

"Alikufa?" nikauliza.

"Mi sijui, binti. Kilio hatukuitwa."

Nilimwendea mwenye nyumba ile, mmoja wa watoto hao, sasa bwana nadhifu. Akasema, kabla hata sijamaliza swali, kwamba nyuma ya ule ukuta ni depo, yaani stoo, ya rangi tu. Nikamwambia basi apabomoe tuone. Akacheka. Jioni ile ile akampigia Mama Consolata simu kwamba ninaharibu jina la nyumba yake. Mtu mwenye depo ya rangi anaogopa nini?

Nilimweleza Mama Consolata yote. Hakunicheka. Aliuliza swali moja tu: "Saa sita, wengine wakienda kula, wewe ungebaki mle peke yako?" Nikamsogezea karatasi za mahali pa kwanza. Akasaini lile jengo jipya.

Tuko huko hadi leo. Hapana mti, hapana veranda, lakini najua kuta za huku hazikumfungia mtu nje wala ndani. Dieudonné hagongi tena mlango wa mtu. Anasimama nje anaita hodi mpaka afunguliwe. Na mimi, nikiingia nyumba yoyote, miguu inaanza kuhesabu yenyewe. Juzi nilikuwa Cibitoke kwa mama mkwe, akanikuta napima ukuta wake kwa hatua. "Umepoteza kitu, binti yangu?"

Ile nyumba imepata watu. Kuna kibao kipya langoni na magari uani. Nimepita mara tatu nikitaka kuwaambia, na mara tatu nimeendelea na njia yangu. Mungu anisamehe.

Kwa hiyo wewe unayetafuta ofisi, ukipelekwa kwenye nyumba iliyokuwa ya watu, usianze na maji na umeme. Uliza nani alilala humo, na alitokea mlango upi. Na mwenyewe akikujibu haraka haraka, mrudishie funguo zake.