Mguu Wangu na Kofia ya Mkwe

Mguu wangu wa kushoto umenisumbua tangu ujana. Si ugonjwa. Ni yule mwimbaji wa roki wa Marekani, wa zile siku za mwanzo kabisa, mwenye nywele za mafuta zilizosimama mbele kama kishungi cha jogoo. Nilimwona sinema Dar es Salaam, mguu ukamfuata, mpaka leo haujarudi. Suruali ya kubana mama aliichoma. Nywele zimeondoka zenyewe. Mguu ukabaki. Ukisikia gitaa lake tu unaanza kutikisika, uwe benki, uwe msibani. Hiyo ya msibani tuiache, marehemu alikuwa rafiki yangu.

Basi, mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafuata nguo Guangzhou, China, na binti yangu alikuwa ameposwa. Baba wa kijana, mfanyabiashara wa Unguja, mtu wa dini hasa, akasema kabla ya mahari tusafiri kwanza pamoja, maana mtu hujulikana safarini. Uwanja wa ndege binti yangu akaninong'oneza, "Baba, nakuomba. Mguu."

Nikajichunga. Tulilala chumba kimoja, na mwenzangu yule kofia havui hata usingizini. Akitawadha ananipa mgongo. Nikasema huyu ni walii, mimi nimekwisha.

Asubuhi moja tukaingia jengo la nguo Barabara ya Zhanqian kununua mashati. Sisi wafuata nguo tuna kanuni: kitu ukikipenda, kinunie. Ukicheka mbele ya laoban, mwenye duka, umeliwa. Kazi ya kununa nikapewa mimi, uso nikaukunja kama niliyelamba ndimu. Laoban alikuwa mama wa makamo, naye akanuna. Tukanuniana weee, mwisho akachoka, akageuka, akaweka kaseti kwenye redio yake.

Gitaa lile.

Mguu ukaondoka. Niliushika kwa mikono miwili, nikaukanyaga kwa ule wa pili, ndiyo kwanza kiuno nacho kikaitika. Mama yule alicheka hadi akakaa juu ya marobota. Baba wa kijana, mkwe wangu mtarajiwa, akamwomba apunguze bei.

"Meiyou," akasema, yaani hakuna, huku akiunyooshea kidole mguu wangu.

Mkwe akalipa bei ile ile. Tukaenda mgahawa wa Waislamu wa kule, wanaovuta tambi kwa mkono, tukaagiza. Nilikuwa nawaza nitakwenda kumwambia nini mwanangu.

"Mzee mwenzangu," akasema hatimaye, "wewe unaanza na goti."

"Vipi, shehe?"

"Yule bwana wa gitaa alianza na kisigino. Goti linafuata. Umri wote huu unakosea, na hakuna aliyekwambia?"

Akatazama huku, akatazama kule, akavua kofia. Wallahi, kishungi kilikuwepo, kimelazwa kwa mafuta, cheupe pe. Akatoa kitana mfukoni mwa kanzu, akakisimamisha, akanigeuzia uso upande ili nione vizuri. Kisha akakilaza tena, akavaa kofia, akaendelea na tambi zake.

"Na binti yangu?" nikauliza.

"Mahari tutaleta. Ila harusini usinitangulie kucheza. Utaniaibishia watu."

Nikaapa. Siku yenyewe ikafika, bendi ikagusa gitaa, binti yangu akajifunika uso kwa mtandio. Mkwe alikuwa bado anatafuta kitana.

Nilimtangulia. Nilianza na goti.