Zalio la Mama Mdogo Adelina

Utotoni nilikuwa mwoga wa kupindukia, wala sioni aibu kusema. Niliogopa radi, niliogopa mbwa wa jirani, niliogopa hata kwenda kuchota maji peke yangu. Lakini kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa zalio, ile nyama inayomfuata mtoto akishazaliwa. Bibi yangu mzaa mama ndiye alikuwa mkunga wa kilima chetu huko Muleba. Mimi nililelewa kwake, kwa kuwa mama alikuwa akifundisha shule Bukoba mjini. Kila aliporudi kutoka kuzalisha, Bibi alirudia maneno yale yale: zalio ni mwenzake mtoto, huzikwa migombani siku ile ile, likiwa zima. Mbwa akila kipande, au mwenye kijicho akakiiba, mama wa mtoto haamki tena kitandani.

"Haamki kabisa, Bibi?"

"Mtamzika," alinijibu, huku anaendelea kumenya ndizi.

Miaka hiyo kuzika hakukuwa jambo la kusimuliwa tu. Vita vya Amin vilikwisha, na nyuma yake likaja gonjwa la UKIMWI, ambalo watu wetu waliliita Juliana, jina la nguo za magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtu alikonda, akaharisha, akaondoka. Jumamosi ilikuwa siku ya msiba kama Jumapili ilivyo siku ya misa. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni adhabu, na sisi watoto tuliambiwa jambo moja tu: msiguse damu.

Wakati huo ndipo Mama mdogo Adelina, mdogo wake mama yangu, aliporudi nyumbani. Alikuwa ameolewa Bilele, pale mjini. Mumewe alikufa amebaki mifupa, naye akaja na sanduku moja na mimba ya miezi saba. Nilimpenda mno. Alinisuka nywele, akanifundisha kuhesabu kwa Kiingereza, na akicheka ulimsikia hadi barabarani. Hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa, lakini nani alijali? Majirani walimsalimia kwa mbali, mkono mgongoni.

Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha. Kwa kawaida mwanamke akishikwa na uchungu, nyumba hujaa: huyu anachemsha maji, yule anamshika kiuno, mwingine kazi yake ni kupiga soga tu. Siku hiyo Bibi alinituma kwa Ma Georgia, jirani aliyemsaidia siku zote. Ma Georgia alinisikiliza akiwa ameziba mlango kwa mwili wake.

"Mwambie bibi yako mguu unanisumbua."

Mguu! Asubuhi ile nilimwona kwa macho yangu amejitwika mkungu wa ndizi, anapanda kilima bila hata kupumzika. Nilirudi mbio, nikamkuta Bibi amejivika mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa kamba za migomba. Sikuwahi kumwona akizalisha hivyo.

"Haji?"

"Anasema mguu."

Bibi alifyonya. "Basi ni wewe na mimi, mwana wange. Leta beseni, usimame hapa, usikimbie."

Sikukimbia. Mtoto alitoka, wa kike, akalia vizuri. Bibi akampa Mama mdogo ampakate, kisha akapokea zalio, akalifunga chapuchapu ndani ya jani la mgomba na kunitia mikononi. Mimi! Miaka tisa!

"Kazike pale nyuma, kwenye ule mgomba mkubwa. Shimo nimeshachimba. Nenda."

Lilikuwa la moto, hata kupitia lile jani. Nilitembea nimenyoosha mikono mbele, nasali Salamu Maria na kuchanganya maneno. Kwenye mteremko nikateleza, jani likachanika, na zalio likaanguka kwenye matope mbele ya macho yangu. Upande mmoja ulikuwa laini, wenye kitovu. Mwingine ulikuwa na vinundu vilivyobanana, na ukingoni palikuwa na pengo kubwa kama kiganja changu. Kipande hakikuwepo.

Uwii! Nilijua kimedondoka njiani. Nilirudi nikitambaa, nikifunua majani makavu, nikipapasa matope kwa vidole. Sikukiona. Nilipoinua kichwa, mbwa wa Ma Georgia alikuwa amesimama chini ya mti wa mbuni, akijilamba mdomo. Nililichota lililobaki kwa mikono mitupu, damu na yote, nikalitupa shimoni, nikafukia, nikaoga kwenye dimbwi huku nalia.

"Umezika?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo."

"Lote?"

"Lote, Bibi."

Damu ya Mama mdogo haikukatika. Siku ya tatu homa ikampanda, akawa anaongea na marehemu mumewe. Kila Bibi aliponiita nimpelekee uji, nilijifanya sisikii. Ningemtazamaje? Siku ya tano, kabla ya saa sita mchana, alikufa. Kilima kizima kilisema ni Juliana, na Bibi hakubisha. Mimi peke yangu nilijua kwamba ni yule mbwa, na kwamba mbwa alipewa nafasi na mimi. Kwa miezi mingi nilingoja nianze kukonda, kwa kuwa nilikuwa nimegusa. Nilipima mkono wangu kwa vidole kila asubuhi.

Mtoto tulimwita Koku. Alikua na afya njema, mkorofi kweli kweli, lakini shuleni walimwita mtoto wa Juliana na hakuna aliyenywea kikombe kimoja naye. Nilipigana kwa ajili yake zaidi ya mara moja. Nilidhani nalipia.

Ukubwani nilijipoza. Nilijiambia mbwa hawezi kumuua mzazi kwa kula kipande cha nyama, kwamba zile zilikuwa imani za wazee. Nililala vizuri miaka mingi. Kisha, nikiwa tayari na watoto wawili, nikapata nafasi chuo kikuu kusomea digrii ya ukunga. Wenzangu darasani walikuwa vijana watupu, wakiniita Mama.

Siku moja mhadhiri aliweka zalio kwenye sinia, akaligeuza upande wa vinundu. Akasema mkunga halitupi kabla hajalikagua. Pengo likionekana, kipande kimebaki tumboni. Kisipotolewa, damu haikatiki, homa inapanda, na ndani ya siku chache unampoteza mama. Nilitoka nje kabla somo halijaisha.

Kumbe hakikudondoka. Mbwa hakula chochote. Kipande kilikuwa ndani ya mama yangu mdogo siku zote tano. Mimi niliona pengo, na nilipoulizwa nikasema lote. Hospitali ya misheni ilikuwepo, ya kufikika kwa machela. Kuidharau imani kulinisamehe, na elimu niliyoifuata ikanihukumu. Nilikaa na jambo hilo hadi likizo, sili vizuri, kisha nikapanda gari kwenda Muleba.

Bibi alikuwa ameshazeeka, macho yamefifia. Nilimweleza yote: kuteleza, pengo, mbwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, Bibi."

Nilidhani atanifukuza, na ningeona ni haki.

"Mazalio yote niliyopokea maishani niliyageuza," alisema. "Niliyatazama pande zote mbili. La mwanangu sikulitazama. Niliogopa damu yake, jamani waitu. Mtoto wangu wa kumzaa! Nikageuza uso, nikalifunga, nikakupa wewe." Alilia bila sauti, nami nikalia naye, maana sikujua nani kati yetu amwombe msamaha mwenzake.

Nikampigia simu Koku, aliyekuwa akiishi Nshambya, Bukoba mjini, na mumewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakuuawa na Juliana?"

"Hapana."

"Lakini ugonjwa alikuwa nao?"

"Sijui, Koku. Hakuna aliyempima. Tulimwogopa tu."

Nilisubiri anitukane. Badala yake akauliza mama yake alikuwa na sura gani siku ile alipompakata. Nikagundua kwamba maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia, hata mimi niliyekuwepo, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na hofu yake ya kuficha.

"Alikuwa mzima," nilimwambia. "Amenenepa mashavu. Na alikuwa anakuchekea."