Mamba Ndani ya Gita

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba nyuzi za gita la yule mpiga bluzi zilitengenezwa kwa mishipa ya mamba. Si mamba wa popote. Mamba wa Mto Rufiji, aliyeuawa karibu na Utete, mkubwa kiasi kwamba kichwa kilishafika ng'ambo na mkia ulikuwa bado unaingia majini upande huu. Mishipa yake, nilivyoambiwa, ilikaushwa kwa moshi wa kuni za mikoko hadi ikawa nyembamba kama unywele, na ndiyo maana gita lile likipigwa linalia kama kiumbe. Tena halilii ovyo. Linamjua aliyefiwa hata akikaa nyuma kabisa ya umati, na linamlilia yeye.

Ieleweke kwamba wakati huo nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, masomo ya jioni, hapo Kibiti, mtu mzima mwenye ndevu, mchana nikitengeneza baiskeli. Fizikia nilifaulu. Habari za sauti na mitetemo nilizijua kwa kichwa. Ila mamba nilimtengea chumba chake akilini, fizikia isimsumbue.

Sasa, shangazi yangu wa Mbwera, kule kisiwani, alikuwa ametoka eda. Marehemu mumewe alikuwa mkata mikoko, na huko kambini alikuwa akizipiga nyimbo za mtu huyu kwenye simu mpaka betri inaomba po. Wimbo mmoja ulikuwa wao wawili, yeye na shangazi. Wa polepole, maneno machache, gita ndilo linalozungumza. Simu ikabaki kwa shangazi. Kila akiufungulia wimbo ule anafika katikati, pale gita linapopanda juu, anazima.

"Siwezi kupita hapo," aliniambia. "Kwenye simu ni kama marehemu ndiye kaushika. Nataka nikamsikie mwenye gita lake, niufikishe mwisho, nipumzike."

Ikaja habari kwamba mpiga gita atapiga Kibiti, Idi pili, alasiri, uwanja wa mpira. Nikaapa kwamba shangazi atafika, hata ikibidi nimbebe mgongoni kutoka kisiwani. Na mamba yumo ndani ya gita, atamtambua tu!

Nilipokwenda Mbwera kumchukua, wa kwanza kutuzuia alikuwa wifi yake, dada wa marehemu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, kaburi halijaota hata jani, wewe unakwenda muziki?"

"Eda nimeikaa yote, wifi. Kama kuna ya nyongeza, nifungulie msahafu unionyeshe ukurasa."

"Watu watasema."

"Waseme polepole basi, nikirudi nisikose hata neno."

Kitu cha pili kutuzuia kilikuwa maji. Yalikupwa kabla hatujatoka kwenye kijito, boti ikakaa juu ya tope. Wanaume tukashuka kusukuma. Nilizama mpaka shingoni, au tuseme magotini, lakini magoti yangu siku ile yalikuwa juu sana. Shangazi alibaki botini amekumbatia mkoba wake, anatuhimiza: "Sukumeni, jamani, mtu ana miadi!" Tukasukuma. Tulipofika Nyamisati tukapanda pikipiki mshikaki, dereva, shangazi na mimi, vumbi likatupaka rangi moja sote watatu.

Uwanja ulikuwa umejaa hata juu ya goli kulikuwa na mtu, na juu ya mtu huyo kulikuwa na mwingine. Mpiga gita alikuwa mwanamume mwembamba, kofia imeshuka machoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama anayesubiri kunyolewa. Mashabiki wake wana desturi yao. Kila wimbo una wenyewe. Ukianza tu, utasikia mtu anapiga kelele "Wangu huo!" na wengine wanampa nafasi asimame mbele, alie, acheke, afanye atakalo mpaka uishe. Nilimwona mama mmoja muuza maandazi akisimama na wake, beseni kichwani, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyemuuliza ana nini.

Kisha zikaja noti zile. Shangazi akaruka. "Wangu huo!"

Kijana wa bodaboda naye alikuwa ameshasimama. "Bi mkubwa, huo wangu mimi."

"Wako tangu lini? Wangu toka hujajua kutembea."

"Haya, chukua, bi mkubwa. Leo mimi abiria, napanda nyuma."

Watu wakacheka, wakampisha. Shangazi akasimama mbele kabisa, ameshika ncha za kanga. Gita likaanza kupanda pale anapozimaga simu. Na hapo hapo jenereta ikakohoa, ikazimika.

Spika kimya. Gita likabaki na kisauti kama cha mbu ndani ya chandarua. Mimi sikuwa na wasiwasi, nilimsubiri mamba alie mwenyewe, maana mamba na jenereta wapi na wapi? Mamba alinyamaza.

"Hapana," alisema shangazi. "Leo hapana. Leo naumaliza."

Akafungua kinywa akaliimba gita. Si maneno, gita lenyewe: ndee, ndi-ri-ri, ndee. Sauti yake ilikwaruza, ikapanda pale pale pagumu, ikapita. Kijana wa bodaboda akaingia kwa nyuma. Mama wa maandazi akaingia. Kisha uwanja mzima, maana kila mmoja wetu aliijua kila noti. Mpiga gita hakuacha kupiga. Aliinama, sikio kwa shangazi, vidole vinamfuata. Mwisho ulipofika shangazi alipiga mluzi mara moja, mrefu, kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia sana. Nadhani Mto Rufiji ulipanda kidogo.

Alipojipangusa alisema neno moja tu: "Umeisha."

Mafundi walipokuwa wakihangaika na jenereta, mpiga gita aliinuka kitini, akamwamkia. "Shikamoo mama. Ule mluzi wa mwisho mimi sinao kwenye wimbo wangu."

"Marahaba, mwanangu. Ni wa marehemu mume wangu. Kila wimbo ukiisha alikuwa anautia."

"Nitautia na mimi, ukiniruhusu."

"Utie."

Mimi sikuweza kuvumilia zaidi. Nikasogea, nikamuuliza kwa adabu zote kwa nini mamba leo hakulia mwenyewe. Ikabidi nimweleze habari yote, Utete, moshi, mishipa. Shangazi akanitazama. "Na ada ya shule tulikuchangia!"

Mpiga gita hakucheka. Alinigeuzia gita, akanishikisha uzi mmoja kwa kidole changu mwenyewe.

"Ni chuma, kaka. Waya tu. Nanunua Kariakoo, zinakuja kwenye pakiti."