Kaka Yangu Aling'atuka kwa Mdomo, Mume Wangu Akabaki Chini

Admin, nifichie jina, maana ukoo wetu wote umo humu na wengine wanakomentigi kabla hawajasoma. Mimi ni mama wa miaka 59, mzaliwa wa Butiama, nimeolewa Musoma mjini na naishi Mwisenge. Nina watoto watatu, wote wanajitegemea. Kuna jambo nimelimeza miaka mingi na sasa linanikaba, kwa sababu Jumamosi ijayo natakiwa nilipigie vigelegele.

Mume wangu alikuwa rubani. Najua jirani zangu wakisoma hapa watacheka, maana wanamjua kama mwalimu mstaafu wa hesabu anayefuga kuku. Lakini alisomea urubani, akaajiriwa, akaruka miaka michache akiwa msaidizi. Kaka yangu mkubwa alikuwa kapteni kwenye kampuni hiyohiyo, tena ndiye aliyemtia moyo. Kaka huyo kijijini kwetu hakuna anayemwita jina lake. Ni Kapteni tu, hata watoto wa shule.

Ikaja ile miaka ya ruksa na mageuzi, mwanzoni mwa tisini. Ndege zikakosa vipuri, safari zikakatwa, marubani wadogo wakaambiwa waende likizo bila malipo mpaka waitwe. Mume wangu akarudi nami Musoma. Wakubwa wakaombwa wastaafu mapema wakitaka, kwa sababu mmoja wa juu akitoka, wa chini yake anapanda, na aliyeko nyumbani anaitwa kazini. Ilikuwa rahisi hivyo. Tulichohitaji ni mkubwa mmoja tu kunyanyuka.

Kaka akanyanyuka. Alikuja Butiama, ng'ombe akachinjwa, wazee wakakaa. Akasimama mbele ya mama yetu akasema, "Mimi nang'atuka. Nawapisha vijana, shemeji yangu akiwa wa kwanza." Nililia kwa furaha.

Wasio wa kwetu nisikilizeni. Neno kung'atuka mnalisikia kwenye siasa, lakini ni letu Wazanaki. Rika la wazee likishang'atuka limekabidhi, na halirudi kukalia kilichokabidhiwa. Mtu halitamki mbele ya wazee halafu akajifikiria upya.

Ndiyo maana mume wangu alifanya alichofanya. Kulikuwa na watu wa ndege ndogo za kupeleka watalii Serengeti, walimwita mara mbili. Nilimwambia nenda hata kwa muda. Akanijibu, "Mama watoto, shemeji kashatamka mbele ya wazee. Nikienda kwingine si ntakuwa nimemtukana?" Wale watu wakachukua mwingine.

Tukasubiri simu. Badala ya simu akaja rafiki yake mmoja kutoka Dar, akakaa sebuleni kwetu, hata soda hakugusa. Akasema, "Shemeji yako karudi. Kapewa mkataba. Anarusha ndege ileile, kiti kilekile." Kumbe kaka alichukua mafao yake ya kustaafu, akapumzika kidogo, akarudi. Nafasi haikufunguka. Hakuna aliyepanda wala aliyeitwa.

Nilimfuata kaka alipokuja Bunda msibani. Nikamuuliza, kaka, si uling'atuka? Akacheka, akanipigapiga begani. "Mdogo wangu, niling'atuka ajira. Kuruka sijang'atuka. Huo ni mkataba tu, kitu kingine kabisa." Nikajua nimezaliwa tumbo moja na mwanasheria.

Mume wangu hakuitwa tena. Leseni ya rubani asiyeruka inakufa, na yake ikafa. Akaingia kufundisha. Hajawahi kumsema kaka hata siku moja. Anasema shemeji haaibishwi kwao.

Haya yote ningeyameza. Kinachonichoma ni kwamba kaka hakuishia kurudi. Kijijini alieleza kuwa alimpisha shemeji yake, shemeji akaitwa, akashindwa mtihani wa kurudi kazini. Miaka ile nani wa Butiama angeuliza? Mama yangu aliamini. Wanangu walikuwa wadogo, wakilelewa likizo zote kwa bibi yao, wakakua nayo hiyo hadithi. Pasaka iliyopita tukiwa mezani mwanangu wa kwanza alimwambia baba yake, "Baba, wewe ulipishwaga ukashindwa kupita." Wote wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akaomba aongezewe chai. Mimi nilitoka nje kuwapa kuku chakula ambacho walishakula.

Sasa ukoo umeamua kumtuza Kapteni Jumamosi hiyo kwa kuwa mfano wa kung'atuka. Vijana wafunzwe, wanasema, watu wasing'ang'anie vyeo. Na mtu waliyemwomba asimame ashuhudie ni mume wangu! Amekubali. Shati lipo tayari. Nilipofoka akaniambia, "Nitasema asante nikae. Mama yako ana miaka mingapi imebaki? Unataka afe akijua mwanae alidanganya wazee?"

Mama ni kweli amechoka, na huyo Kapteni ndiye fahari yake pekee duniani. Lakini jamani, wanangu nao watakuwepo pale. Watamsikia baba yao kwa mdomo wake mwenyewe akishukuru kwa kitu ambacho hakupewa, na baada ya hapo nani atawatolea hiyo akilini? Mimi kama dada ndiye nitakayetakiwa kuanzisha vigelegele.

Msiniambie nimwachie Mungu, nimemwachia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mnishauri waziwazi, hasa nyie mlio na wazazi hai na watoto wakubwa. Nikisema, namuua mama yangu kwa aibu. Nikinyamaza, wanangu watamzika baba yao wakijua alikuwa mtu wa kushindwa. Ungekuwa wewe, ungemuumiza yupi?