Mzee wa Pekupeku kwenye Ukungu

Sikuwa na homa, sikuota, na shahidi ninaye. Wifi yangu Rehema tunakaa naye nyumba moja, hapa hapa Birmingham, Perry Barr. Usiponiamini mimi, kamuulize yeye.

Rehema ni mke wa kaka yangu. Alikuwa amekuja kutoka Tanga mwaka ule, na baridi ilikuwa imemshinda kabisa. Kutwa yuko chini ya blanketi, anasema anarudi kwao. Mimi nina ugonjwa wangu wa kutazama ndege, nikaona nimpeleke baharini, huenda roho ikamtulia. Tukaondoka na gari alfajiri, chai kwenye chupa, mandazi mapajani, mpaka pwani ya Wales.

Tulikuta maji yamekupwa. Tope tupu, na juu yake ndege, jamani, ndege! Shakwe, mabata, na sululu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda, wanachokoa tope. Rehema akaninyang'anya darubini.

"Wifi! Hawa si ndio wale wa kwetu, wa kwenye mikoko?"

Akacheka. Tangu afike Uingereza sikuwahi kumsikia akicheka. Basi tukawafuata wale ndege, tukisogea wanasogea, mpaka ukungu ukatufunika. Ufukwe hatuuoni. Mara nikasikia maji yanarudi, na yanaingia nyuma yetu. Rehema akazama mpaka magotini. Nikamvuta, nami nikazama. Nilipiga kelele, nani angenisikia?

"Asalaam alaykum, wanangu."

Kiswahili! Tena cha Tanga, na sauti ya kuvuta mwishoni. Mzee mwembamba amesimama karibu yetu, koti la kahawia lenye madoadoa, pua ndefu imeinamia kidevuni. Miguu peku. Kwenye baridi ile! Nilitaka kuuliza yeye ni nani, lakini Rehema aliwahi kuitikia, kisha akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kanyageni ninapokanyaga mimi, msiende pengine."

Akatutangulia, anaruka kijito kwa kijito, mwepesi, huku anatupigia soga. Mikoko imeota tena, anasema, na kaa mwaka huu wamenona. Rehema akamuuliza habari za mtaa wao, naye akamjibu mtaa mzima: nani kaoa, nani kajenga, mbuzi wa nani kala kanga ya nani. Wallahi, tulikuwa tunacheka na maji yako mapajani.

Tulipokanyaga mchanga mkavu niligeuka kumshukuru. Hapakuwa na mtu. Kwenye mchanga palikuwa na nyayo zetu, na mbele yake alama za ndege, vidole vitatu vitatu. Juu ya vichwa vyetu sululu mmoja akalia kwa sauti ndefu, akakata kuelekea kusini.

Subiri, sijamaliza. Tukiwa bado tunatetemeka garini, simu ikalia. Mama yangu, kutoka Tanga. Hata salamu hakutoa.

"Nyie mlikuwa mnafanya nini topeni? Kuna mzee kapita hapa mlangoni sasa hivi, hana viatu. Kaniambia nisihangaike, wanangu wameshafika nchi kavu. Nimemkaribisha chai, kageuka kona, simwoni."

Nilimpa Rehema simu. Alilia, akacheka, akasimulia, akalia tena. Habari ya kurudi kwao iliishia humo garini. Siku hizi yeye ndiye anayeniamsha twende kutazama ndege, na kaka yangu analalamika kwamba mkewe hakai nyumbani. Sululu akilia kwenye video ya mtu, Rehema anasimama na kuamkia, hata mbele za wageni.

Nawe unayenisikiliza, usiingie topeni kwenye ukungu, ndege wakuite vipi. Ukishaingia, na mtu asiye na viatu akikutolea salamu, usimuulize kwao wapi. Itikia kwanza, kisha weka mguu pale anapoweka yeye.