Mbeba Mikate Kwenye Mteremko

Kwa miaka kumi na tisa Mikate aliendesha baiskeli kila siku ya Mungu, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kumwambia kwamba hajui kuendesha baiskeli. Alikuja kuambiwa akiwa na miaka arobaini na mbili, na aliyemwambia ni shemeji yake.

Jina la Mikate alibandikwa na kazi. Alikuwa akibeba kreti sita za mikate kutoka kiwandani hadi madukani, zimefungwa kwa mpira wa tairi kwenye keria ya baiskeli nyeusi, nzito kama deni la dhambi. Kazi ile ilikuwa na elimu yake. Unakaa kwenye siti kama gunia la chumvi, maana ukiyumba wewe, mzigo unayumba mara sita. Kwenye mteremko unakandamiza soli ya kandambili kwenye tairi, kwa sababu breki zilikuwa pambo tu. Na kila ukiruka tuta, unageuza shingo kuangalia kama kreti bado zipo. Mkate ukidondoka ni wako, utaula na mchanga wake.

Halafu kiwanda kikanunua gari. Mwenye kiwanda akawaita wabebaji wote, akawashukuru mpaka macho yakamlengalenga, akawagawia mkate mmoja mmoja kama watu ambao hawajawahi kuuona. Mikate akarudi nyumbani na mkate kwapani. Mkewe alipouona alikata vipande, akapika chai.

Ni mkewe aliyemkumbuka mdogo wake. Huyu shemeji alikuwa mwalimu katika kampuni iliyowatembeza wageni kwa baiskeli za milimani, kule kwenye kilima chenye msitu nje ya mji. Walitaka kiongozi mmoja zaidi wa misafara.

"Nitamfundisha wiki tatu," shemeji alimwambia dada yake. "Mtihani napima mimi, meneja anatazama. Lakini dada, pale hatubebi mikate."

"Amekaa kwenye baiskeli tangu wewe unatambaa."

"Ndiyo tatizo lenyewe, amekaa."

Siku ya kwanza Mikate alipewa baiskeli yenye tairi nene, springi mbele na breki zinazong'ata kweli. Akaipanda, akakaa zake kama alivyozoea.

"Shemeji, inua makalio," mwalimu akasema.

"Niyapeleke wapi?"

"Juu ya siti, yarudi nyuma kidogo. Simama kwenye pedali, zikae sawa, usiache moja chini. Magoti yalegee. Viwiko nje."

Mikate akajaribu, akajitazama. "Mtu mzima nisimame hivi, kama nimebanwa na foleni ya choo ni ndefu?"

Mama mmoja wa makamo, karani aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, alikuwa akijifunza pamoja naye. Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli yake. Kisha akapanda tena, akainua kama alivyoambiwa, akateremka taratibu, akipita kwenye mizizi kama aliyezaliwa juu yake. Hakuwa na cha kusahau, ndiyo siri yake. Mikate alitamani kumchukia, ila yule mama alikuwa na adabu, kila akimpita alisema, "Samahani, kaka."

Mikate, alipofika kwenye mizizi, akakaa. Siti ikampiga teke la chini kwa juu, akashtuka, akaminya breki ya mbele kwa vidole vyote vinne. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea na safari.

"Kidole kimoja, shemeji," mwalimu alisema juu ya kichwa chake. "Hiyo breki si shingo ya kuku. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi, wahenga walikuona."

"Wahenga wangenisaidia kuamka."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya majani na damu. Alirudi nyumbani viwiko vimechubuka, mkewe akavisafisha kwa maji ya chumvi bila kusema neno, na lile neno lililokosekana lilimuuma kuliko chumvi. Wiki ya pili mwili ukaanza kusikia. Aligundua kwamba baiskeli ikiachwa icheze chini yako inatafuta njia yenyewe. Alijifunza kutazama mbali, maana baiskeli huenda macho yanakokwenda. Ukilikodolea jiwe, utalipata. Ijumaa moja aliteremka kilima kizima bila kukanyaga chini hata mara moja, akajikuta anacheka peke yake kama mwehu. Alikuwa hajacheka juu ya baiskeli tangu aanze kulipwa kuiendesha.

Mtihani ulikuwa hivi: kutoka juu mpaka chini, kupitia mizizi, kushuka ngazi ya jiwe inayofika gotini, kona kali, kisha kusimama kwenye mstari. Meneja alikaa chini ya kilima kwenye kiti cha plastiki. Shemeji alisimama karibu na lile jiwe, ubao wa karatasi na kalamu mkononi.

Mikate aliteremka vizuri. Mizizi aliipita kama mama karani. Kwenye jiwe akarudisha makalio nyuma, mikono ikanyooka, tairi la mbele likashuka, la nyuma likafuata, likatua kwa kishindo.

Kishindo kile, na shingo ikageuka.

Hakuiamuru. Iligeuka yenyewe kuhesabu kreti. Macho yakaenda nyuma, usukani ukayafuata, na kona ikampita akiwa tayari kwenye vichaka.

Shemeji alifika mbio. "Ulikuwa unaangalia nini?"

"Hakuna kitu," Mikate alisema, na kweli hakukuwa na kitu.

Meneja alipanda polepole, akamtazama anavyojitoa miiba, akasema, "Kuanguka mara moja si mwisho wa dunia. Mwalimu ni wewe, amua wewe." Akarudi kwenye kiti chake.

Wakabaki wawili, na kalamu ikiwa kwa mdogo.

"Shemeji," Mikate alisema kwa sauti ya chini, "niandikie nimepita. Nitaizoeza hii shingo."

Kijana alitazama jiwe, akatazama kona. "Ukigeuka hapa, na nyuma yako wapo wageni watano wanaokufuata wewe, tutaokota watu." Akaandika: Hajapita. Hakuficha ubao.

Nafasi aliyopata ilikuwa ya kupeleka mabegi na maji ya wageni kwa barabara ya chini, ile tambarare.

Jumapili shemeji alikuja kula kama kawaida yake. Dada yake alimpakulia, akaweka sahani kwa kishindo.

"Ungeandika tu," akasema. "Mkono ungekatika?"

"Dada, mtu angeumia."

"Ameshaumia mtu."

"Mwache," Mikate akasema. "Alipima sawa." Hakuna sentensi iliyowahi kumgharimu kama ile. Mkewe alimtazama kama mtu aliyemsaliti, akaingia jikoni.

Shemeji alikula kidogo, akasafisha koo. "Kesho unaanza. Ila kuna jambo. Mbele ya wageni, usiniite shemeji. Meneja hataki mambo ya undugu kazini."

"Nikuite nani?"

"Mwalimu. Wote wananiita hivyo."

Mikate alitafuna tonge lake mpaka likaisha kabisa, akameza.

"Sawa, mwalimu."

Mkewe alitoka jikoni, akachukua sahani mbele ya mdogo wake, chakula kikiwa nusu, akaenda kuiosha.